Jino lililotoboka si lazima ling'olewe

Wapo wazazi huku Ifakara na bonde zima la Kilombero ambao wakiona jino la mtoto limetoboka, hungoja mpaka liume, kisha wakampeleka kung'olewa. Leo tukumbushane kuwa lipo la kufanya kabla ya hapo.

Mtoto afikapo miaka 6 hivi, huota gego nyuma kabisa ya magego ya utoto. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kulipisha, wazazi hudhani nalo ni la utoto. Sivyo! Gego hilo ni la kudumu. Likitolewa, halioti jingine.

Tundu dogo linaweza kuzibwa bila mashine wala umeme. Mtaalamu hukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha huziba kwa simenti iitwayo glasi ionoma, yaani unga wa kioo maalumu uliochanganywa na tindikali. Simenti hiyo hushikana na jino lenyewe na kutoa madini ya floraidi kidogo kidogo, yanayosaidia kuzuia uozo.

Njia hii haikutoka mbali. Ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaitangaza duniani, na mwaka 2021 likaiingiza simenti hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kipo pia kioo kingine, kilichobuniwa na Larry Hench huko Florida, Marekani, mwaka 1969. Kikikutana na mate, hujenga tabaka linalofanana na madini ya jino. Hutiwa katika baadhi ya dawa za mswaki kupunguza maumivu ya meno yanayoshtuka kwa kitu baridi. Hata hivyo, hakijazi tundu.

Aidha, zingatia hili: jino likiuma lenyewe usiku, au ufizi ukivimba, uozo huenda umeshafika kwenye kiini. Hapo kuziba juu tu hakutoshi, wahi hospitali.

Waislamu tumeusiwa mswaki, tusiuache. Lakini tundu likishaingia, mswaki haulizibi. Basi leo mwangalie mwanao kinywani kwa tochi. Ukiona doa jeusi au tundu, mpeleke kliniki ya meno mapema, na swali lako la kwanza liwe: "Je, linazibika?"