Permi ilikuwa mfukoni, lakini motokari ikarudi nyuma

Wandugu na wadada wa promosio zote, leo sitaongea mihogo wala maharagwe. Nataka tuongee juu ya ule mstari mdogo unaoandikwa chini kabisa ya ofa za kazi, nasi tunaupita haraka sawa vile hautuhusu: kuwa na permi ya kategoria B na kujua kuendesha. Mimi pia niliupita haraka, na kazi nilikosa juu ya mstari ule.

Nilikuwa nimemaliza lisansi ya agronomia hapa Bukavu, nikafanya staji, kisha nikakaa nyumbani mwaka na zaidi nikituma CV. Rafiki moja akaniambia: «Yaya, bila permi hata hawatafungua barua yako. Leta picha na feza, iko mtu atakufanyia.» Nikaleta. Haikupita mwezi, permi ikafika, na jina langu, na picha yangu, na muhuri wake. Mtihani sikufanya. Kwa kiti cha shofere nilikuwa nimekaa labda mara tano, kwa motokari ya mjomba wangu, Toyota ndogo otomatike, siku ya Mungu asubuhi wakati watu wako kanisani na barabara iko wazi. Naandika haya waziwazi juu najua siko peke yangu.

Kiisha ONG moja ikatafuta agronome wa kufuata vikundi vya wakulima pande za Walungu. Testi ya kuandika nilipita vizuri, maulizo ya mdomo pia. Tulibaki watu watatu. Tukaambiwa: kesho saa mbili asubuhi, testi ya kuendesha.

Motokari ilikuwa Land Cruiser, vitesi za mkono, vola kushoto. Aliyetupima alikuwa shofere wa zamani, mzee wa maneno machache. Akanipa ufunguo: «Enjenieri, tushuke mpaka kule chini, kisha tupande.» Pa kukata kona ya kwanza nilitaka kuwasha klinyota, swiglasi zikaanza kupanguza kioo. Mvua haikuwako. Mzee akaangalia nje kwa dirisha lake.

Wakati wa kupanda, moto ya abiria ikasimama mbele yetu katikati ya mlima. Nikasimama. Kuondoka tena njo ilikuwa shida. Niliachia ambreyaji, moteri ikazima. Mara ya pili ikazima. Mara ya tatu woga ulinishika, nikatoa mguu kwa fren mbele ya kufanya kitu kingine, na motokari ikaanza kurudi nyuma. Nyuma kulikuwa mama moja ameketi na beseni yake ya tomati. Mzee alivuta fren ya mkono bila kusema neno. Nilipoangalia kwa retro, niliona paka kitambaa cha kichwa cha yule mama, karibu kabisa. Hakutukana. Aliinuka, akabeba beseni yake, akavuka barabara, akaenda kuketi upande mwingine. Afazali angenitukana.

Kazi ilimwendea dada moja tuliyesoma naye, aliyekuwa chini yangu kwa testi ya kuandika. Baba yake ana Fuso, naye alimfundisha tangu sekondari. Siwezi kusema waliniibia.

Nilikaa siku chache bila kutoka nyumbani, kiisha nikaenda kwa mzee moja wa kwetu aliyepeleka malori Uvira miaka mingi. Nilimweleza yote. Alicheka kwanza, ndipo akaniuliza: «Mwanangu, ambreyaji ni nini?» Nikasema ni pedali ya kushoto. Akasema: «Hiyo ni pedali. Nakuuliza ambreyaji.» Somo lile la kwanza hatukuwasha moteri hata dakika moja, na mpaka leo naona njo somo lililonisaidia kuliko mengine yote. Niwaeleze namna nilivyoelewa.

Moteri ikisha kuwaka, inazunguka wakati wote, hata motokari ikisimama. Magurudumu yanasimama. Sasa utaunganisha namna gani kitu kinachozunguka na kitu kilichosimama, bila kuvunja kimoja? Kati ya moteri na bwati ya vitesi kuna disiki, inabanwa kwa nguvu juu ya gurudumu zito la moteri. Ukikanyaga pedali ya kushoto, disiki inaachwa huru, na moteri inazunguka peke yake. Ukiinua mguu polepole, disiki inaanza kugusa, inateleza kidogo, kiisha inashika kabisa na motokari inatembea. Ukiachia ghafla, moteri ambayo haijapewa mafuta ya kutosha inakutana mara moja na uzito wote wa motokari. Uzito unashinda, moteri inazima. Njo ile iliyonipata mara mbili. Na wewe unayependa kupumzisha mguu juu ya pedali nusu-nusu, disiki inaendelea kuteleza, inapata moto, inaisha, na utasikia harufu yake kabla ya kuona faktiri ya mekanisie. Wale waliolima na motokilteri kwenye staji wanajua jambo hili kwa mkono. Mimi nililijua kwa mkono na sikulijua kwa mguu.

Ile pahali disiki inaanza kushika, kila motokari iko na yake. Haionekani, inasikilika: sauti ya moteri inashuka kidogo, na pua ya motokari inataka kuinuka. Mzee alinifungisha macho ili niitafute kwa sikio na kwa mguu, mara makumi, kwa kiwanja cha mpira, bila kugusa akseleratere. Kiisha njo tukaenda mlimani. Kwa Bukavu, asiyejua kuondoka mlimani hajui kuendesha, juu mji wetu wote ni kupanda na kushuka.

Namna yenyewe ni hii. Umesimama, fren ya mkono imevutwa, vitesi ya kwanza. Unatoa mafuta kidogo, unainua mguu wa kushoto mpaka sauti ishuke na pua iinuke, na hapo mguu unakaa, hauendelei. Wakati huu motokari inasukuma mbele lakini fren ya mkono inaikatalia. Sasa unaishusha fren ya mkono, unaongeza mafuta kidogo, na inapanda. Tatizo langu siku ya testi lilikuwa kwamba niliachia fren wakati hakuna kitu kilichokuwa kinashika motokari.

Mzee alikuwa na dawa yake. Anaweka bido la njano la litri 20, tupu, nyuma ya gurudumu, nafasi ya mkono moja tu. «Ukiliangusha, unaenda kulijaza kwa robine, unalipelekea mama nyumbani.» Wenye kuishi mitaa yetu wanajua foleni ya robine iko namna gani. Wiki ya kwanza familia ile haikukosa maji.

Kushuka pia kunafundishwa, ijapo watu wanafikiri kushuka ni bure. Yeye aliyepita Ngomo na mizigo alinikatalia kabisa kutoa vitesi ili motokari iteremke yenyewe, ile desturi ya «kuponya mafuta». Ukishuka bila vitesi, kazi yote inabaki kwa fren. Fren zinapata moto, na zikipita kiasi, pedali inakuwa laini sawa vile unakanyaga sponji, wakati unaihitaji kuliko siku zote. Ukiwa kwa vitesi ya chini na mguu umetoka kwa mafuta, moteri yenyewe inazuia magurudumu. Kanuni yake: vitesi ungetumia kwa kupanda mlima ule, njo unatumia kwa kuushuka.

Sasa nirudi kwa swiglasi, juu nyuma ya kichekesho kile kuna shida kubwa ya kwetu. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara, na majirani wetu wa Rwanda na Burundi vilevile. Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia wanatembea kushoto. Motokari nyingi tunazonunua zinatoka Japani, ambako pia wanatembea kushoto. Zinashuka Mombasa ao Dar es Salaam na zinafika huku na vola kuume. Kwa hizo za Japani, kijiti cha klinyota kiko mkono wa kuume na cha swiglasi mkono wa kushoto. Kwa Land Cruiser ya vola kushoto ni kinyume. Na vitesi, mkono uliozoea kushika vola njo unaombwa kuzibadilisha. Mtu aliyejifunza kwa moja na kupimwa kwa nyingine, mikono yake inamdanganya. Ongeza otomatike juu yake, ambayo haina hata pedali ya ambreyaji, na unaelewa nilikuwa nimejifunza nini: karibu hakuna.

Ukiitwa kwa testi, uliza mapema: ni motokari gani, vola upande gani, vitesi za mkono ao otomatike? Hakuna atakayekucheka.

Na vola ya kuume ina hatari yake kwa kupita lori. Shofere anaketi upande wa mtaro, haoni kinachokuja mpaka atoe nusu ya motokari nzima barabarani. Hapo abiria wa kushoto njo anakuwa macho yake. Mzee alinizoeza kubaki mbali nyuma ya lori, juu ukiwa mbali unaona zaidi, na kama sioni, nisipite, hata nyuma wapige honi namna gani.

Tulifanya hesabu pia, na hapa nilifurahi kidogo, juu hesabu njo ya kwetu. Kilometa 60 kwa saa ni karibu metre 17 kila sekonde. Jicho kuona mtoto, mguu kufika kwa fren, ni kama sekonde moja. Kwa hiyo umekwisha kutembea metre 17 na fren bado haijaanza kazi. Tena ukizidisha mwendo mara mbili, metre za kusimama baada ya kukanyaga zinakuwa mara ine. Hiyo ni kwa barabara kavu. Sisi agronome tunaweza kusema saa nzima juu ya udongo mwekundu wa mfinyanzi, pH yake na fosfori yake, lakini namna unavyokuwa sawa na sabuni chini ya pine kisha mvua, wengi wetu tunalijua siku ya kwanza ya kuingia kwa mtaro.

Permi yangu ya kununua niliiweka kwa sanduku. Nikajiandikisha oto-ekole, nikasoma kodi ya barabara: ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mtihani wa kwanza nilianguka, na nilianguka vizuri. Waliuliza nani anapita mbele kwa njia panda isiyo na kibao wala polisi. Nilijibu namna ninavyoona barabarani kila siku: aliye na motokari kubwa. Jibu ni yule anayetoka kuume kwako. Wenzangu wanasema kodi haina faida juu hapa hakuna anayeifuata. Mimi naona kinyume: kwa kuwa wengi hawaifuate, wewe ujue kabisa haki yako inaishia wapi, na usiitegemee kwa kupona. Mara ya pili nilipita. Feza yote ya mafuta niliyomnunulia mzee wakati wa mazoezi haikufika ile niliyolipa kwa permi ya kwanza.

Swali ninaloulizwa sana: nitajifunza wapi, na kwetu hatuna motokari? Mimi pia hatukuwa nayo. Kama uko kwa staji, shofere wa terrain njo mwalimu wako. Mheshimu, muulize anafanya nini na juu ya nini, msaidie kubadilisha gurudumu. Kisha tafuta mtu kama mzee wangu, mshirikiane mafuta mkiwa wawili ao watatu. Wadada, hasa nyinyi, musingoje mtu awaambie: siku hizi miradi mingi haitoi shofere kwa kila agronome, na mwenye kujua kuendesha njo anatumwa terrain.

Testi ya pili ya kazi ilikuja mwaka uliofuata, ONG nyingine. Wenzangu waliingia wakawasha. Mimi nilifungua kapo kwanza, namna nilivyofundishwa: mafuta ya moteri kwa kijiti chake, maji wakati moteri ingali baridi, mafuta ya fren, batri. Nikazunguka nikaangalia pine zote na ile ya akiba, nikauliza kriki iko wapi. Kiisha tukapanda, na katikati ya mlima aliyenipima akasema: «Simama hapa.» Nikasimama. Nikainua mguu mpaka sauti ikashuka na pua ikainuka, nikashusha fren ya mkono. Haikurudi hata kidole. Permi aliomba kuiona tukisha kurudi, nami nikiwa nimekwisha kuzima moteri.

Sasa natumika Kabare, nabeba mbegu, mbolea na wakati mwingine mgonjwa wa kijiji. Nikiingia mjini napita ule mlima wa siku ile. Mama wa tomati angali pale, lakini hakurudi tena upande wake wa zamani. Nikilazimika kusimama karibu naye, anaangalia magurudumu yangu kwanza, kiisha anainua macho na kuniangalia mimi.