Taa Mpya za Gari: Zimulike Barabara, Zisimpofushe Mwenzako

Jioni kwenye barabara ya Namanga, kati ya Kitengela na Isinya, magari hukutana na bodaboda, waendao kwa miguu na mifugo inayorudishwa bomani. Dereva aliyepofushwa na taa za gari linalomkabili hawaoni. Wenye magari wanaotaka taa zenye nguvu zaidi wanashauriwa kuzingatia haya:

Safisha kwanza. Mara nyingi mwanga hufifia kwa sababu plastiki ya taa imegeuka manjano. Kuing'arisha ni rahisi kuliko kununua taa mpya.

Balbu ilingane na taa. Balbu ya kawaida ya H4 hutumia wati 55 kwa mwanga wa karibu na 60 kwa mwanga wa mbali. Ya wati 100 inaweza kuyeyusha soketi na kuunguza nyaya. Balbu ya LED ikitiwa kwenye taa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni, mwanga hutawanyika hadi machoni mwa wengine.

Chagua taa za upande wetu. Kenya huendesha kushoto, kama Japani na Uingereza. Taa za nchi zinazoendesha kulia humulika gari linalokuja.

Pima ukutani. Egesha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Ukingo wa juu wa mwanga wa karibu uwe takriban sentimita 10 chini ya kimo cha taa.

Fundi asipopima hivyo, kazi haijaisha. Na ukikutana na gari lingine usiku, punguza taa mapema.