Cheti huulizwa kwa aliyekitoa: namna ya kubaini na kuzuia udanganyifu wa waombaji kazi

Udanganyifu katika maombi ya kazi una sura nyingi. Inayojulikana zaidi ni cheti cha kughushi, yaani karatasi iliyotengenezwa ionekane imetoka katika shule, chuo au baraza la mitihani ambalo halijawahi kuitoa. Sura ya pili ni cheti halali kinachotumiwa na asiye mwenyewe: cha ndugu, cha rafiki, au cha marehemu. Ya tatu ni cheti kilichochakachuliwa, daraja moja likapandishwa au mwaka ukasogezwa. Ya nne haigusi vyeti: ni wasifu uliojazwa vyeo visivyowahi kushikwa, uzoefu uliorefushwa na wadhamini wa kupangwa. Ya tano ni ukimya, pale mwombaji anapoficha kwamba aliachishwa kazi kwa wizi au kwamba leseni yake ya taaluma imesimamishwa.

Uzito wa makosa haya haulingani. Kijana aliyeandika kwamba anaimudu kompyuta, kumbe anaijua juu juu, atafundishwa na kazi itaendelea. Aliyejipachika uuguzi bila kuusomea atashika sindano na kupima dawa ya mtoto mchanga. Yupo pia mtu wa tatu, anayesahaulika katika mijadala mingi: mwombaji mkweli aliyesoma, akafaulu, akaandika alichonacho tu, kisha akakosa nafasi kwa sababu mwenzake alikuja na karatasi za kununua. Uhakiki wa maombi ni ulinzi wa mtu huyo, na wa mwananchi atakayehudumiwa.

Funzo la Aprili 2017

Tanzania ilipata funzo kubwa tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipopokea mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Ripoti ilitaja watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Rais aliagiza waondolewe kazini na mishahara yao isitishwe, akawapa hadi tarehe 15 Mei waondoke wenyewe, vinginevyo wafikishwe mahakamani. Kughushi nyaraka ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake ya jumla hufikia kifungo cha miaka 7.

Njia iliyowabaini haikuwa na miujiza. Taarifa za vyeti vyao zilipelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, zikalinganishwa na kumbukumbu za baraza lenyewe. Kazi hiyo ingeweza kufanyika siku mtumishi alipoomba ajira. Kwa kuwa haikufanyika, wapo waliokaa kazini miaka mingi, wakapanda vyeo, na familia zao zikajengwa juu ya mishahara hiyo. Walipoondoka kwa mkupuo, vituo vya afya na shule viliachwa na mapengo. Waliojiona wameonewa walipewa nafasi ya kukata rufaa, na baadhi yao walisafishwa. Mwaka 2022 serikali iliamua kuwarejeshea walioondolewa michango yao wenyewe ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Kosa la kutokuuliza mapema liliendelea kulipiwa miaka mitano baadaye.

Kenya imepita njia hiyohiyo. Mwezi Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ya nchi hiyo ilitangaza kwamba uhakiki uliofanywa katika taasisi 331 ulibaini vyeti 2,067 vya kughushi. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, imekuwa ikiwashtaki wahusika na kudai mahakamani warejeshe mishahara waliyolipwa.

Macho hayatoshi

Waajiri wengi huamini kwamba wanaweza kumtambua mwongo kwa kumtazama. Mwaka 2006, wanasaikolojia wa Marekani Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti zilizohusisha zaidi ya watu 24,000 waliotakiwa kutofautisha kauli za kweli na za uongo. Kwa wastani walipatia asilimia 54, karibu sawa na mtu anayerusha shilingi. Dalili zinazotegemewa sana, kama jasho, kigugumizi na kutomtazama mtu machoni, hazina uhakika. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kijana aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa wake. Jopo linalohesabu adabu hiyo kuwa dalili ya hila litamwacha mkweli na kumchukua mjanja mwenye uso mkavu.

Macho hayatoshi hata kwenye karatasi. Mhuri huchongwa mtaani, na mashine nzuri ya kuchapa hutoa rangi zinazokaribia za asili. Nakala iliyogongwa mhuri wa wakili nayo hueleweka vibaya. Wakili anathibitisha kwamba nakala inafanana na cheti alichoonyeshwa. Hathibitishi kwamba cheti hicho kilitolewa na chuo. Cheti feki kikipelekwa kwa wakili mwaminifu, kitarudi na nakala iliyothibitishwa kihalali.

Kuuliza kwenye chanzo

Uhakiki wa kuaminika ni ule unaokwenda kwa aliyetoa cheti, na jibu likarudi moja kwa moja kwa mwajiri bila kupitia mikononi mwa mwombaji. Nchini Tanzania, vyeti vya kidato cha nne na cha sita huulizwa NECTA. Vya ufundi na vyuo vya kati, chuo husika pamoja na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Shahada huulizwa chuo kikuu chenyewe, na zile za nje ya nchi hupitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa ajili ya kutambuliwa. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Kwa taaluma zenye leseni, kama uuguzi, udaktari, uhandisi na uhasibu, baraza au bodi ya taaluma ndiyo inayojua nani yumo katika daftari lake na nani ameondolewa. Kenya ina Baraza la Mitihani, KNEC, na mamlaka yake ya sifa za kitaifa, KNQA.

Kabla jibu halijarudi, afisa utumishi makini anaweza kukisoma cheti chenyewe. Namba ya mtahiniwa wa kidato cha nne ina mpangilio wake: herufi S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa wa kujitegemea, kisha namba ya kituo, namba yake mwenyewe, na mwaka wa mtihani. Namba ya kituo ikiwa ya shule ya wavulana na cheti kina jina la msichana, kuna jambo la kuuliza. Mwaka wa kuzaliwa ukionyesha kwamba mwombaji alimaliza kidato cha nne akiwa na miaka 11, kuna jambo la kuuliza. Daraja likikataa kulingana na alama za masomo yaliyoorodheshwa, vilevile. Hitilafu hizi hazimhukumu mtu. Zinaonyesha pa kuanzia.

Vyuo hewa ni tatizo la peke yake, kwa sababu anayepigiwa simu kuthibitisha ndiye aliyeuza shahada. Mwezi Mei 2015, gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, ilikuwa ikiendesha mamia ya tovuti za shule na vyuo vikuu visivyokuwepo, zikiuza shahada kwa wateja wa nchi nyingi. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu shahada ya ng'ambo ni kama chuo chenyewe kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya nchi yake. Swali la kama mwombaji alisoma pale linafuata baadaye.

Wasifu na wadhamini

Uongo wa wasifu huishi katika tarehe zisizo na miezi. Mtu aliyefanya kazi kuanzia Desemba 2015 hadi Januari 2017 ana miezi 14 ya uzoefu. Akiandika "2015–2017", msomaji mwenye haraka humhesabia miaka mitatu. Fomu inayodai mwezi na mwaka wa kuanza na kuacha kila kazi, pamoja na sababu ya kuacha, huziba mwanya huo bila kumtuhumu mtu yeyote.

Wadhamini nao wana kanuni yao. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye wasifu inaweza kuwa ya binamu yake mwombaji aliyeketi sebuleni akisubiri kupigiwa. Mhakiki hutafuta mwenyewe namba ya ofisi husika na kupitia mapokezi au idara ya utumishi. Maswali yenye manufaa ni yale yenye majibu ya kupimika: alianza lini, aliacha lini, alikuwa na cheo gani, alikuwa chini ya nani, na je, mwajiri huyo angekubali kumwajiri tena? Swali la kama ni mtu mzuri huleta sifa tupu, kwa sababu ni wachache walio tayari kumharibia mwenzao riziki kwa simu ya dakika tano.

Usaili unaopima kazi

Usaili wa mazungumzo ya hapa na pale humpendelea msemaji. Mwaka 1998, watafiti Frank Schmidt na John Hunter walipitia matokeo ya miaka 85 ya utafiti wa uteuzi wa wafanyakazi. Walikuta kwamba jaribio la kazi yenyewe, na usaili ambao kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale yaliyopangwa na kupewa alama kwa kigezo kilekile, hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo yasiyo na mpango.

Njia hizo huzuia uongo pia. Mwombaji wa kazi ya uhasibu akikabidhiwa daftari la fedha na taarifa ya benki ya mwezi mmoja, zenye tofauti ndogo iliyopandwa makusudi, ataonyesha kwa nusu saa kama miaka sita anayoitaja aliifanya kweli. Dereva wa lori apewe lori alirudishe nyuma hadi kwenye ghala. Aliyesimamia mradi aulizwe bajeti ilikuwa kiasi gani, nani alisaini malipo, nini kilikwama na alikikwamua vipi. Aliyekuwepo huzidi kukumbuka kadiri anavyoulizwa. Aliyebuni huanza kurudia maneno yaleyale.

Utambulisho nao uhakikiwe kila hatua, ili aliyefanya mtihani wa maandishi awe ndiye anayeketi kwenye usaili na ndiye anayeripoti kazini. Usaili wa mtandaoni umeongeza hatari hiyo. Mwezi Juni 2022, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu waombaji wa kazi za mbali waliotumia video na sauti za kutengenezwa kwa kompyuta. Kukutana ana kwa ana walau mara moja kabla ya mkataba bado ni kinga isiyo na gharama kubwa.

Kuzuia kabla ya kukamata

Kinga huanza kwenye tangazo la kazi. Likisema wazi kwamba vyeti vyote vitahakikiwa kwa waliovitoa, na kwamba taarifa za kughushi zitafikishwa kwenye vyombo vya sheria, baadhi ya wadanganyifu hawatatuma maombi. Fomu iwe na tamko ambalo mwombaji analisaini, likitaja kwamba uongo utakaobainika hata baada ya kuajiriwa ni sababu ya kuachishwa kazi. Kazi zigawanywe ndani ya ofisi: anayepokea maombi asiwe ndiye anayehakiki, wala anayehakiki asiwe ndiye anayeteua, maana vyeti vingi feki huhitaji mwenyeji wa ndani wa kuvipitisha.

Mwajiri ajihoji pia kuhusu sifa anazozidai. Tangazo linalotaka uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kuanzia humshawishi mhitimu mpya kutunga miaka. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliamua kwamba watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, utaratibu wa kudai kidato cha nne ulipoanza, warejeshwe kazini iwapo hawakuwa wamewasilisha vyeti vya kughushi. Uamuzi huo ulitambua kwamba elimu ndogo si udanganyifu, na kwamba mtu asihukumiwe kwa sifa ambayo haikudaiwa alipoajiriwa.

Haki ya anayehakikiwa

Uhakiki usiofuata haki huumiza wasio na hatia. Mohamed wa cheti cha kuzaliwa huweza kuwa Muhammad wa cheti cha shule. Mwanamke huolewa na kubadili jina. Jina la babu huandikwa hapa na kuachwa pale. Hati ya kiapo na maelezo ya mwombaji visikilizwe kabla ya uamuzi. Wanaofika hatua ya mwisho wahakikiwe wote, si wale wanaotiliwa shaka kwa kabila, lafudhi au mavazi. Taarifa zao zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania na ile ya mwaka 2019 nchini Kenya, kwa hiyo zikusanywe kwa ridhaa, zitumike kwa kazi hiyo tu, na zisizagae mezani. Aliyekwisha kuajiriwa ana haki ya kujua tuhuma na kujitetea, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inavyotaka.

Mwajiri mdogo hahitaji idara nzima kwa shughuli hii. Ahakiki wale wawili au watatu wa mwisho tu, tarehe ya kuanza kazi ipangwe baada ya majibu kurudi, na majibu hayo yawekwe kwenye jalada la mtumishi. Leseni za taaluma ziangaliwe kila zinapohuishwa, na cheti kipya kinacholetwa ili kupanda cheo kiulizwe kwenye chanzo kama kile cha kwanza.