Kila Punje na Uzi Wake

Menya hindi bichi polepole. Chini ya maganda utakuta zile ndevu laini ambazo wengi wetu huzibandua na kuzitupa kabla ya kutia hindi sufuriani. Shika uzi mmoja, uufuate mpaka unapoanzia. Utafika kwenye punje moja, moja tu. Hindi lenye punje 500 lilipitia harusi 500, na kila uzi ulikuwa njia ya harusi yake.

Muhindi hubeba maua ya kiume na ya kike kwenye shina moja. Mbelewele ya juu ndiyo dume, humwaga chavua, lile vumbi la manjano. Gunzi changa la ubavuni ndilo jike. Mshenga ni upepo.

Chembe ya chavua ikinasa kwenye uzi, huotesha mrija unaopenya ndani ya uzi hadi kwenye yai, safari inayoweza kuzidi sentimita 20 na kwisha kwa siku moja hivi. Mrijani husafiri mbegu mbili za kiume. Ya kwanza huungana na yai, ikawa kiini cha mche mpya. Ya pili huungana na viini viwili vya jirani, ikawa wanga wa kuulisha mche huo. Mrusi Sergei Nawaschin aliligundua jambo hili mwaka 1898 akichunguza mayungiyungi. Sisi tunalisonga kila siku: sembe, iliyokobolewa kiini chake, ni tunda la muungano huo wa pili.

Kwa kuwa baba naye huchangia wanga huo, mahindi meupe hutokeza punje za manjano hapa na pale jirani akiwa amepanda ya manjano. Rangi ya baba haingoji msimu ujao. Na hindi moja huweza kuwa na baba wengi.

Na mapengo kwenye hindi je? Hizo ni nyuzi zisizofikiwa. Jua likikaza wakati wa kuchanua, mbelewele humwaga chavua mapema huku ndevu, kwa kiu, zikichelewa kutoka. Siku chache za ukame hapo huumiza kuliko ukame huohuo mahindi yakiwa bado ya magotini. Inauma kumwona mkulima akivuna vibogoyo baada ya palizi mbili.

Kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Siku chache baada ya ndevu kutoka, chuma gunzi moja, fungua maganda bila kukata nyuzi, kisha litikise. Uzi ambao punje yake imetungwa huachia na kuanguka. Zinazobaki zikining'inia bado zinangoja upepo.