Mtaro Unaishia Wapi?

Masika yakianza mwezi Machi, barabara mpya ya Chamazi au Bunju hutoa hesabu yake ndani ya nusu saa. Kama mjenzi aliijua kazi, ameiacha na mgongo katikati, maji yateremkie pembeni, yaingie mtaroni, yavuke makutano kwa kalavati, kisha yaende bondeni. Hapo kwenye "kisha" ndipo jiji la Dar es Salaam linapokwama.

Tuanze na wenye mali. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya Bagamoyo na ile ya Kilwa, ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za mitaani zilikuwa za manispaa hadi 2017, zilipokabidhiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulio chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa. Manispaa ikabaki na taka. Serikali ya mtaa, ambayo ndiyo inaamka na mtaro kila siku, haina fungu la zege. Ina mwenyekiti, mtendaji na Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi.

Sasa yafuate maji ya Tegeta. Yanatoka uani kwa mtu, yanaingia mtaro wa TARURA, yanapita kalavati la TANROADS, na njiani yanasukuma chupa ambazo gari la taka halikuzifikia. Kila ofisi inaweza kufanya kazi yake kwa uaminifu, kila moja kwa mwezi wake, na maji bado yakalala barabarani.

Fedha za matengenezo hutoka hasa Mfuko wa Barabara, unaokusanya tozo katika kila lita ya mafuta. Kwa muda mrefu mgawo wake ulikuwa asilimia 70 kwa barabara za TANROADS na 30 kwa zile za halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai, wakati wa kiangazi, msimu mzuri kabisa wa kuchimba. Zabuni ikichelewa hadi Oktoba, mkandarasi anakutana na vuli mtaroni.

Kuzibua kwenyewe ni kazi ya chepeo. Vibarua wanatoa mchanga, nepi na makopo, wanavirundika ukingoni vikauke. Lori lisipokuja kuzoa, mvua ya kwanza inavirudisha vyote chini, na kazi imelipiwa bure. Halafu kuna wale wanaosubiri mvua ya usiku ili watapishe vyoo. Sheria ndogo zinakataza, lakini nani atakwenda kukagua saa nane usiku?

Mchanga nao una kanuni yake. Maji yakitembea chini ya sentimita 60 hivi kwa sekunde, huutua mzigo. Maeneo mengi ya Dar es Salaam ni tambarare yenye udongo wa kichanga, kwa hiyo mtaro usio na mteremko wa kutosha utajaa hata kama hakuna mtu aliyetupa mfuko.

Lakini tatizo kubwa la pembezoni ni viwanja. Shamba linakatwa vipande, vinauzwa, na mkondo wa zamani wa maji unauzwa pamoja navyo. Mnunuzi wa kiangazi anaona bonde kavu. Anajaza kifusi, anainua ukuta. TARURA ikija miaka michache baadaye na mtaro wake, haina pa kuupeleka.

Mafuriko ya jiji ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, katika Ilala, Kinondoni na Temeke. Watu wengi wanausifu kwa lami. Mimi naona kazi yake bora ni kuujengea kingo Mto Ng'ombe, unaopita Tandale kuelekea Msimbazi, kwa sababu mitaro ya mitaa ilipata mahali pa kumwaga. Mwaka huohuo wa 2015 mradi wa ramani wa Ramani Huria ulianza kuwatembeza wanafunzi na wakazi mitaani wakiwa na simu, wakiandika mitaro iko wapi. Ukarabati wa maana unaanzia kwenye orodha ya namna hiyo.

Kwa hiyo, msomaji wa Mbagala au Boko, mkutano wa mtaa ukiitishwa, usiishie kuuliza mtaro utajengwa lini. Uliza utamwaga maji wapi, katika ardhi ya nani, na omba kuuona mchoro kabla zege halijamwagwa.