Dumila: Mvua Ipo, Maji Hayapo

Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika ukakata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma pale Dumila, wilayani Kilosa. Mabasi na malori yalikwama pande zote mbili za mto, na huko Magole na vijiji jirani maelfu ya watu walibaki bila makazi. Mashamba ya bondeni yalifunikwa tope. Lakini kaa na wakulima wa ukanda huohuo wakati wa palizi, mada haitakuwa mafuriko. Watakuambia mahindi yamekauka.

Mambo hayo mawili hayapingani. Kwa kila nyuzi moja ya selisiasi inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa hiyo yenye kiu hunyonya maji ardhini na majanini jua linapowaka, kisha ikifika wakati wa kunyesha huyamwaga kwa mkupuo. Jumla ya mvua ya msimu inaweza kubaki ileile huku mazao yakiteseka mara mbili. Dumila huathirika zaidi kwa sababu iko tambarare, chini ya milima ya Ukaguru na Nguru, na mito inayoshuka huko hukusanyikia Bonde la Wami.

Kwa mahindi, saa mbaya kuliko zote ni ile ya kutoa maua. Mbelewele za juu humwaga chavua kwa wiki moja hivi, na ndevu za gunzi zinatakiwa ziwe zimetokeza ili ziidake. Kila uzi wa ndevu huenda kwenye punje moja. Mmea ukikosa maji, mbelewele hutoka kama kawaida lakini ndevu huchelewa, kwa kuwa zinahitaji maji mengi ili zirefuke. Zikitoka, chavua imekwisha. Ndiyo maana unaweza kuona shamba la kijani, mabua marefu ya kupendeza, ukamenya gunzi ukakuta punje za kuhesabu. Mvua ikija baada ya hapo hainenepeshi punje ambayo haikutungwa.

Tiba inayotajwa kwanza siku zote ni mbegu. Ni kweli zina maana: kituo cha utafiti cha Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, kilihusika na mbegu za miaka ya 1980 kama Staha na TMV-1 zinazostahimili ugonjwa wa milia, na mbegu za muda mfupi zimezidi kuongezeka tangu wakati huo. Ila mimi naona tunaanzia mwisho. Mvua ya milimita 30 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 120,000 za maji. Swali ni ngapi zimeingia ardhini.

Matone makubwa yakipiga udongo ulio wazi, chembe zake husambaratika na kuziba vitundu. Juu hutanda gamba, na maji hukimbilia mtoni. Trekta likilima kina kilekile kila mwaka, chini hujengeka tabaka gumu ambalo mizizi haipenyi. Njia za kurekebisha hayo zinajulikana: kupasua tabaka hilo, kulima matuta yanayokinga mteremko na kuyawekea vizuizi ili maji yatuame katikati, kupanda mbaazi zenye mizizi mirefu kati ya mahindi, na kuacha mabua yafunike ardhi.

Hilo la mabua ni rahisi kulisema kwenye semina. Kilosa, mabua ya kiangazi ni malisho, na ng'ombe wakiingia shambani hawasomi mwongozo wa kilimo hifadhi. Wilaya hii ina kumbukumbu nzito: Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ushauri wa kufunika udongo usiomhusisha mfugaji ni nusu ya ushauri.

Mtama nao husifiwa sana, kwa haki. Ukame ukiubana, husimama kukua, hukunja majani yenye nta, kisha mvua ikirudi huendelea. Lakini anayeusifu mara nyingi hajawahi kuamia ndege. Kwelea kwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja ni tani 10. Watoto hutolewa shule kwenda kupiga makopo. Na hata mtama ukinusurika, mezani watu wanataka sembe.

Kwenye mpunga kuna habari ya kutia moyo zaidi. Ukiacha barabara kuu pale Magole ukashika ya Turiani, unafika Mkindo, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimefanya majaribio ya kilimo shadidi pamoja na wakulima. Mbinu hiyo ilianzia Madagascar mwaka 1983, kwa padri Mfaransa Henri de Laulanié. Miche huhamishwa ikiwa na siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na jaruba huachwa likauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena. Hewa huifikia mizizi, mpunga huchipua machipukizi mengi, na maji hubaki kwa mwenye shamba la chini ya mfereji. Faida nyingine haionekani kwa macho: jaruba lililofurika muda wote hufuga vijidudu vinavyotoa methani, gesi inayoongeza joto duniani, na ukavu wa vipindi huvipunguza. Magugu, kwa upande mwingine, hufurahia. Palizi huongezeka.

Karibu kila mbinu niliyoitaja hudai jasho mwaka huu na kulipa miaka miwili au mitatu baadaye. Anayekodi ekari mbili kwa msimu mmoja hana sababu ya kupasua tabaka gumu wala kujenga matuta, maana masika ijayo mwenye shamba anaweza kumpangisha mwingine, tena kwa bei ya juu kwa kuwa shamba limeboreshwa. Mkataba wa kukodi wa miaka mitano, ulioandikwa na kushuhudiwa ofisi ya kijiji, hauhesabiwi kuwa teknolojia ya tabianchi. Mimi ningeuweka kwenye orodha kabla ya mbegu.