KOTI JEPESI LENYE KOFIA: TUCHAGUE LIPI KWA SAFARI YA BARIDI?



Ndugu msomaji, siku ya mnada wa mitumba, iwe Bukoba mjini, Muleba au Kamachumu, utaona makoti yaliyotutumka kama mto wa kulalia. Ukiliinua moja utashangaa: ni kubwa, lina kofia yake, lakini mkononi ni jepesi kuliko sweta. Muuzaji atakuambia, "Hili la Ulaya, mama, la kwenye barafu. Ukivaa hili husikii baridi tena!"

Tuseme mama huyo ana kijana anayejiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro na wenzake, na mume anayevua dagaa usiku kwenye visiwa vya Bumbire au Goziba. Anawaza kununua koti moja litakalowafaa wote wawili. Je, afanye hivyo? Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unajibu swali hilo, kwa sababu koti lililo zuri mahali pamoja laweza kuwa hatari mahali pengine.

JOTO LINATOKA WAPI?

Kwanza tuelewe jambo moja. Koti halina joto lake. Joto linatoka mwilini, katika chakula tulichokula. Kazi ya koti ni kulizuia lisitoroke, na kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia ndani ya koti.

Wazee wetu walilijua hilo. Mushonge, nyumba yetu ya asili iliyoezekwa nyasi hadi chini, ilikuwa na joto usiku kwa sababu nyasi zile nene zilishika hewa. Tazama pia kuku asubuhi yenye baridi: hujikunyata na kututumua manyoya yake. Anafunga hewa karibu na mwili. Lakini mtazame kuku huyohuyo akinyeshewa. Manyoya hulala, hewa hutoka, naye hutetemeka. Ukimkumbuka kuku huyo, umeelewa nusu ya somo hili.

MANYOYA AU POLIESTA?

Makoti haya mepesi ni ya aina mbili.

Aina ya kwanza hujazwa manyoya laini ya kifuani mwa bata au bata bukini. Si mapya duniani. Mwaka 1922 George Finch alivaa koti la manyoya kwenye Mlima Everest. Huko Marekani, Eddie Bauer alitengeneza koti lake la manyoya katika miaka ya 1930 baada ya kuponea chupuchupu kufa kwa baridi katika safari ya kuvua samaki, amevaa nguo za sufu zilizolowa zikawa nzito. Hakuna ujazo unaotoa joto jingi kwa uzito mdogo kama manyoya hayo, tena hukunjwa yakaingia katika mfuko mdogo. Kwa mtu anayebeba mzigo mgongoni siku nyingi, hiyo ni faida kubwa.

Aina ya pili hujazwa nyuzinyuzi za poliesta. Koti lake ni zito kidogo na halikunjiki dogo sana. Lakini likilowa, bado hubakiza sehemu ya joto lake, na hukauka upesi. Bei yake pia huwa nafuu.

Koti la manyoya likilowa huwa kama yule kuku wetu. Manyoya hushikana madonge, hewa hutoka, na mvaaji hubaki na mzigo wa maji baridi mwilini. Nasi tunaishi wapi? Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwetu usiku joto hushuka hadi kama nyuzi 16 tu, wala hakuna barafu. Adui wetu mkubwa ni maji pamoja na upepo. Mtu aliyelowa na kupigwa na upepo anaweza kupoa vibaya hata pasipo na barafu.

JINSI YA KUCHAGUA SOKONI

1. Soma lebo ya ndani. Neno "down" la Kiingereza, "duvet" la Kifaransa au "Daunen" la Kijerumani maana yake ni manyoya laini. Ukiona "polyester", ni nyuzinyuzi. Asilimia 90 kwa 10 maana yake ni sehemu 90 manyoya laini na 10 manyoya yenye vijiti.

2. Usidanganywe na nambari. Baadhi ya makoti huandikwa 600, 700 au 800. Hicho ni kipimo cha jinsi manyoya yanavyotutumka: aunsi moja, yaani kama gramu 28, hujaza inchi za ujazo ngapi. Nambari kubwa maana yake ni joto lilelile kwa uzito mdogo. Haikuambii ni kiasi gani cha manyoya kilichotiwa ndani. Koti jembamba la 800 laweza kushindwa na koti nene la 600.

3. Libane, uliachie. Koti zima hututumka tena baada ya muda mfupi. Likibaki limelala, limechoka.

4. Liinue kwenye mwanga. Pakionekana palipo wazi, ujazo umehama na baridi itapita hapo. Papasa mabegani na mgongoni kutafuta madonge.

5. Linuse. Harufu ya uvundo ni dalili ya ukungu. Mwenye pumu aliache kabisa.

6. Jaribu zipu mara tatu, juu na chini. Zipu mbovu ni mlango usiofungwa.

7. Vaa kofia yake. Geuza kichwa kulia na kushoto. Kofia nzuri hugeuka pamoja nawe, hukaza kuzunguka uso bila kuziba macho, na hufunika shingo. Kichwa na shingo vikiachwa wazi, joto hutorokea hapo kama linavyotoroka kwingine.

8. Livae juu ya sweta. Likibana, hewa haipati nafasi. Likipwaya mno, upepo utaingia kwa chini.

NANI AVAE LIPI?

Mpanda mlima. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Wengi huanza safari ya mwisho karibu na usiku wa manane, na baridi huko hushuka chini ya sifuri. Hewa ya juu ni kavu, hivyo koti la manyoya lenye kofia linafaa kweli. Lakini chini, penye msitu, mvua hunyesha. Basi kijana alifunge koti lake katika mfuko usiopitisha maji ndani ya begi, na awe na koti la mvua la kuvaa juu. Asitembee nalo akipanda kwa nguvu, maana jasho nalo ni maji. Alivae anaposimama kupumzika na usiku kunapokuwa na baridi kali. Ndani avae sufu au poliesta, asivae suruali ya jinzi na fulana ya pamba, maana hizo hushika maji. Tena ajue kwamba koti halizuii ugonjwa wa mwinuko. Akiumwa sana kichwa, akitapika au akianza kuchanganyikiwa, dawa ya kwanza ni kushuka.

Mvuvi. Huyu asinunuliwe manyoya. Anahitaji sweta la sufu au koti la poliesta, na juu yake koti la mvua lisilopitisha maji. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe juu ya vyote na kufungwa. Koti la baridi, hata liwe jepesi namna gani, si jaketi la kuokolea.

Mtoto. Kamba za kofia zitolewe kabisa, kwa kuwa zinaweza kunasa mahali na kumnyonga akicheza. Asilazwe amevikwa koti lenye kofia, kwani laweza kumziba pua. Mtoto mchanga hahitaji koti la Ulaya: akaushwe mara tu anapozaliwa, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, na wote wawili wafunikwe. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Wapishi. Hapa tunaomba kila mama na binti asikilize. Makoti haya yote yana kitambaa cha nailoni au poliesta. Cheche ikiruka kutoka mafigani, kitambaa huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na kidonda chake huwa kibaya. Vua koti kabla ya kukaribia moto.

UKISHALINUNUA

Kila nguo ya mtumba ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Koti la manyoya lifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, bila dawa ya kung'arisha, kisha lisuuzwe mara nyingi. Usilikamue kwa kulisokota, likandamize. Lianike likiwa limelazwa, uligeuze mara kwa mara na kupapasa madonge mpaka yaachane. Laweza kuchukua siku kadhaa za jua, basi ngoja Juni au Julai, mvua inapopungua. Likihifadhiwa bichi litaota ukungu. Nyumbani litundike, usiliache limekunjwa kwa miezi.

MWILI UKIPOA KUPITA KIASI

Joto la kawaida la mwili ni karibu nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, maisha yamo hatarini. Mtu hutetemeka, hushindwa kufunga vifungo, huongea kama mlevi na kujikwaa. Hali ikizidi, huacha kutetemeka na kutaka kulala. Wenzake wasiseme, "Afadhali, ametulia." Hiyo ni dalili mbaya.

Fanya hivi:

- Mtoe kwenye mvua na upepo. Mvue nguo zilizolowa.
- Mkaushe, mvike nguo kavu, mfunike kichwa. Mwenzake amkumbatie ndani ya blanketi.
- Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe uji au chai ya moto kiasi, yenye sukari.
- Usimsugue mikono na miguu, wala usimkalishe karibu kabisa na moto.
- Usimpe pombe. Rubisi au konyagi humfanya ajisikie moto, kumbe joto linatoka mwilini kupitia ngozi.
- Mpeleke kituo cha afya upesi, akibebwa taratibu.

SI KILA ANAYETETEMEKA ANA BARIDI

Hili ni muhimu hasa kwetu. Wilaya ya Muleba inakumbuka mlipuko wa malaria wa mwaka 2006. Mtoto mwenye malaria anaweza kutetemeka na kuomba kufunikwa huku ndani anawaka. Mguse tumbo. Likiwa baridi, mpe joto. Likiwa la moto, usimfungie ndani ya koti. Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo, koti si kinga ya nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, na moshi wa jikoni huongeza hatari. Chanjo ya nimonia ya watoto hutolewa nchini mwetu tangu mwaka 2013. Mama ahakikishe kadi imejazwa. Mtoto anayepumua haraka au anayebonyea kifua asingoje kesho.

TUMALIZE

Turudi kwa mama yetu sokoni. Jibu ni kwamba koti moja halitawafaa wote wawili. Kijana wa mlimani anunuliwe la manyoya, na mfuko usiopitisha maji wa kulilinda. Baba wa ziwani anunuliwe la poliesta, na la mvua juu yake. Kama fedha inatosha moja tu, lianze la baba. Yeye huingia kwenye maji na upepo kila usiku wa kazi; kijana anaweza kuazima kwa safari ya siku chache.

Na wewe uliye na koti lisilovaliwa, likitundikwa mwaka mzima nyuma ya mlango? Kila tarehe 11 Novemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours, askari ambaye, kama mapokeo yanavyosimulia, alikata joho lake vipande viwili akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka langoni mwa Amiens. Wewe huna haja ya kukata. Lifue, likaushe vizuri, ulipeleke kwenye Jumuiya yako Ndogo Ndogo. Yuko mzee au mvuvi anayelihitaji kabla mvua hazijaanza.

Kinga ni bora kuliko tiba.